Mvumo Uliopitisha Ajenda ya Tatu

Mchana wa mkutano mkuu wa kijiji, Theodory alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza ya mtendaji akitafuta soketi. Ofisi nzima ilikuwa na soketi moja, nayo ilikuwa imejaa simu za watu: ya mwenyekiti, ya mgambo, na nyingine ambazo wenyewe hawakujulikana. Aliomba ruhusa ya kuchomoa moja. Mwenyekiti Patriki akamwambia achomoe yoyote isipokuwa yake. Theodory, ambaye alikuwa amepandisha kilima na gitaa mgongoni, spika begani na fuko la waya na kipaza sauti mkononi, akachomoa hiyo hiyo ya mwenyekiti bila kujua, na ikabidi wagombane kidogo.

Kwa hiyo alikuwa ameshachoka kabla jambo lenyewe halijaanza. Wala hakuwa ameomba kuja kupiga muziki. Patriki ndiye aliyemfuata nyumbani, akalalamika kwamba watu siku hizi hawaji mikutanoni, wakija wanachelewa, wakiwahi wanaondoka, sasa wewe ndugu yangu njoo na hilo gitaa lako uwashikilie. Baba zao ni mtu na mdogo wake. Ndugu akikuomba kitu mbele ya mkeo, tena ameshakaa na chai ameshakunywa, utamwambia nini?

Muziki wenyewe, tuseme ukweli, haukuwa wa kumshikilia mtu. Ujanani Theodory alipigia gitaa kwaya ya parokia, nyimbo zenye mwanzo na mwisho. Halafu binti yake Lucia akamletea kutoka Arusha kimashine cha kukanyaga kwa mguu, chenye taa nyekundu. Unapiga sauti, unakanyaga, kimashine kinaishika na kuirudisha, na kuirudisha tena. Juu yake unaweka nyingine, nayo inarudi, mpaka mtu mmoja anakuwa kundi la watu wanaonong'ona. Maneno hakuna, na mdundo wa kuchezea hakuna. Theodory mwenyewe akianza hajui anaelekea wapi, na hiyo ndiyo raha yake. Mkewe Veronica, aliyeusikiliza muziki huo jioni zote akichambua vitunguu saumu, alikuwa ameshatoa hukumu: ni ng'ombe aliyefungwa kamba kwenye mti, anatembea kutwa na haendi popote.

Watu walifika wakakaa kwenye nyasi mbele ya ofisi. Theodory akaanza taratibu, sauti moja, kisha ya pili juu yake. Gidahosh, mfugaji wa kule chini ambaye ng'ombe wake hunywa kwenye chemchemi ya kijiji, alisimama pembeni na fimbo yake, akasikiliza kwa adabu, halafu akauliza kama hiyo redio imekosa stesheni. Watu wakacheka. Theodory alishazoea.

Ndipo mzee Onesphory aliposimama kufungua mkutano kwa dua. Mzee hutamka mstari kwa Kiiraqw, na watu wote huitikia kwa mvumo, midomo imefungwa, sauti moja nzito inayotoka vifuani. Hakuna anayeitikia peke yake, na hakuna anayeweza kujua ni nani hakuitikia. Theodory aliusikia mvumo huo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na siku hiyo aliuitikia kama wengine. Tofauti ni kwamba kipaza sauti kilikuwa mbele yake, waya umeingia kwenye kimashine, na mguu wake ukakanyaga. Baadaye alisema katika kila ofisi kwamba mguu ulikanyaga wenyewe. Hakuna ofisi iliyoandika hilo.

Mvumo ukarudi kutoka kwenye spika, chini kabisa ya gitaa, mpana na mtulivu. Alikuwa hajawahi kupata msingi mzuri namna ile. Akapunguza sauti ili mkutano uendelee, lakini kuuzima hakutaka, akauacha uzunguke.

Ajenda ya kwanza ilikuwa choo cha shule. Ya pili ilikuwa mbwa wasiochanjwa. Ya tatu Patriki aliisoma haraka kidogo: eneo la chemchemi litolewe kwa mradi wa bwawa la samaki, chini ya usimamizi wa Alfredi. Alfredi ni shemeji yake Patriki. Eneo la chemchemi ni shamba la Theodory la vitunguu saumu, lile ambalo baba yake alilifyeka na kulichimbia mfereji, na ndilo linalowalisha yeye na Veronica, maana huko juu wanakovuna mahindi ni mawe matupu. Watu wote waliokaa pale walilijua hilo. Theodory akaacha nyuzi. Alitaka kuongea, lakini alidhani wengine wataanza, kwa sababu mwenye shamba akianza mwenyewe anaonekana mchoyo.

"Tumekubaliana?" Patriki akauliza.

Hakuna aliyejibu. Watu walitazama nyasi. Hawakulitaka lile jambo, na hawakutaka kuonekana kwamba hawalitaki. Ndani ya kimya hicho zamu ya mvumo ikafika, ukaitikia. Mmmm. Ulitoka kwenye spika, ukatoka na vifuani mwa watu waliofunga midomo, hata kifuani mwa Veronica, ambaye wakati huo huo alikuwa anatikisa kichwa kukataa.

"Imepita," alisema Patriki.

Theodory aling'oa waya kwenye soketi. Taa nyekundu ikazimika. Mvumo ukaendelea. Wakaingia kwenye mengineyo, na mengineyo nayo yakapita.

Nyumbani alimpigia Lucia. Lucia akamwelekeza akanyage na kushikilia mpaka taa ipepese, hapo kila kitu kitafutika. Alikanyaga, akashikilia, taa ikapepesa. Gitaa lote lilifutika. Mvumo ulibaki jikoni, juu ya dari, na Veronica alipomuuliza mumewe kama atakula sasa, ndio uliomjibu.

Asubuhi akaanza kuzunguka kwa majirani. Alianza na Basili, ambaye mashamba yao yanapakana.

"Basili, wewe jana ulikubali?"

"Mimi? Mimi sikusema kitu."

"Sasa kwa nini hukusema kitu?"

"Ningesemaje, na watu wameshakubali?"

"Watu gani?"

"Watu," alisema Basili, akaonyesha kijiji kwa kidevu.

Nyumba iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na iliyofuata. Hakuna aliyekubali hata mmoja. Wote walimpa pole, wote walimkaribisha chai, na wote walishangaa jinsi watu wa kijiji hiki walivyo waoga. Kufika saa sita Theodory alikuwa amekunywa chai mpaka tumbo linamwuma, na hasira hana pa kuiweka.

Akaenda kwa mtendaji. Judica ni mtu wa Same, amehamishiwa huku, binti mwenye heshima na mwandiko mzuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusema kwamba sikukubali."

"Hata mimi sikukuona ukikubali, mzee. Lakini mkutano ulikubali."

"Ilikuwa mashine."

"Mashine ya nani, mzee?"

Theodory akavuta kiti, akakaa.

"Na tena haikuwa sauti ya mashine," Judica aliendelea kwa upole. "Ilikuwa sauti ya wanakijiji wenyewe. Mimi nawajua. Ningeandika nini?"

Akashuka Dongobesh, kwenye ofisi za serikali. Huko alikaa kwenye benchi mpaka mchana, akaingizwa kwa ofisa mwenye koti zuri, akaeleza yote tangu soketi. Ofisa alisikiliza vizuri sana. Alimweleza kwamba taratibu zimefuatwa, kwamba kama ana malalamiko arudi kwenye mkutano wa kijiji, kwamba samaki wana lishe. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo mzee, umeridhika na maelezo yangu?" Theodory alikuwa anavuta pumzi ya kujibu, na mvumo, uliokuwa umemfuata kutoka kijijini ndani ya koti lake mwenyewe, ukaitikia. Ofisa akasimama akampa mkono. Theodory alirudi na Noah ya abiria ya jioni, na njia nzima hakusema na mtu, kwa sababu kondakta alipouliza kama chenji imetosha, alishajibiwa.

Kijiji hakikuchukua muda kuuzoea. Kanisani padri alimwuliza Marieta kama anamkubali Baltazar kuwa mume wake, mvumo ukakubali kabla Marieta hajamaliza kurekebisha shela, na harusi ikaendelea. Mnadani ukawa unakubali bei ya kwanza, na wauza mbuzi wakajifunza kuwahi kuitaja wao. Mwalimu wa darasa la nne ndiye pekee aliyelalamika, kwa kuwa akiuliza kama wameelewa anaitikiwa vizuri sana, na mitihani ikija hawajaelewa. Viongozi kutoka Dirma walikuja na pikipiki kuulizia kama unaweza kuazimwa. Patriki aliwaambia wasubiri. Hawakuhitaji kusubiri, kwani kabla ya mvua za vuli ulisikika mpaka Basotu, kwenye mashamba ya ngano, na huko nako kuna mambo yaliyopita.

Wakati huo huo vijana wa Alfredi walikuwa wanachimba. Vitunguu vilikuwa bado havijakomaa. Veronica alivitoa ardhini vikiwa vidogo, akavifunga mafungu na kuvianika ukutani, na kila fungu alilotundika alimtazama mumewe. Theodory angefurahi kama mkewe angemtukana.

Gidahosh alikuja jioni moja. Bwawa lilikuwa limezungushiwa uzio, na ng'ombe wake sasa walitembea mpaka bonde la pili kutafuta maji. Alikaa kibarazani, fimbo katikati ya magoti.

"Hicho kitu umekitengeneza wewe," alisema.

"Nimekitengeneza mimi."

"Basi tengeneza na cha kukataa."

Theodory alijiona mjinga kwa kutolifikiria. Akawasha spika palepale. Alikwaruza nyuzi, akapiga sauti zisizopatana, akaziweka moja juu ya nyingine. Halafu akasogeza kipaza sauti mdomoni, akasema hapana, akakanyaga. Hapana ikarudi. Akaongeza nyingine ya chini, na nyingine ya ukali, mpaka kibaraza kizima kikawa kinakataa. Mvumo ulikuwa chini ya hapana hizo, haukushindana nazo. Kadiri zilivyozunguka ndivyo hapana zilivyolainika pembe zake, zikapoteza irabu moja moja, zikalala juu ya mvumo na kuwa kitu kimoja nao, kipana, cha kupendeza, kinachopanda na kushuka taratibu. Jogoo walinyamaza. Gidahosh alifumba macho. Ndani ya nyumba Veronica aliweka kisu chini, akatoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu kimashine kile kifike akasema, "Huu sasa ndio wimbo."

Theodory alikasirika hata chakula kikamshinda. Maisha yake yote alikuwa akiutafuta muziki huo, na sasa ameupata, na hauna kazi.

Mkutano uliofuata alikwenda mikono mitupu. Waliofika walikuwa Patriki, Judica, mgambo, mzee Onesphory, na Gidahosh aliyesimama pembeni. Wengine walikaa nyumbani na shughuli zao. Mtu asumbuke kupanda kilima ya nini, na kuitikia kunaitikiwa? Mzee Onesphory alitamka dua, na mvumo ukaitikia kama umati mzima kwenye nyasi tupu. Mzee alionekana kuridhika.

Theodory akasimama kabla ajenda haijasomwa. Alimgeukia Patriki, mtoto wa baba yake mdogo.

"Mimi Theodory nakataa," alisema. "Lile shamba ni langu. Baba aliniachia. Sikumpa Alfredi, sikuwapa ninyi, na siku ile sikukubali. Nakataa kwa mdomo wangu, na nataka iandikwe."

Alikuwa amelisema. Lilikuwa neno rahisi kuliko alivyodhani, na lingeweza kusemwa siku ile. Patriki alitazama nyasi. Judica aliinua kalamu. Zamu ya mvumo ikafika.

Mmmm.

Safari hii aliusikiliza vizuri, kama mpiga gitaa. Alimtambua Basili ndani yake. Alimtambua Veronica. Na katikati, chini kidogo, wazi kabisa, alisikia sauti yake mwenyewe.

Patriki alipumua. "Umesikia, ndugu yangu. Tuko na wewe kabisa. Tumekubali."

"Mmekubali nirudishiwe shamba?"

"Tumekubali kwamba umekataa."

Judica aliandika kwa mwandiko wake mzuri, kisha akamsomea, ili mzee asije akasema hakusomewa: Theodory amekataa, mkutano umeafiki. Akamwuliza kwa heshima kama ni sahihi hivyo. Ilikuwa sahihi. Kila neno lilikuwa sahihi, na Theodory alilitafuta lisilo sahihi na hakuliona.

Akakaa. Ajenda iliyofuata ilikuwa kumpongeza Alfredi kwa bwawa, nayo haikuchukua muda.