Wito wa Tatu

Kifuniko cha birika kilikuwa kinagongagonga juu ya jiko la kuni, na nje bado ni giza, niliposikia redio ya upepo ikilia tik. Ndivyo inavyolia mtu anapobonyeza kitufe bila kusema neno. Nilisimama na mikono yangu imejaa viazi vya kukwaruza, nikangoja. Baadaye ikaja sauti ya kiume, ya upole.

"Bibi Edelmira, hapa ni meli ya doria Piloto Cárcamo. Boti yetu inakuja gatini kuwachukua. Yaani kukuchukua wewe. Vaa nguo nzito, bibi."

"Mmempata?"

"Bado. Lakini yuko hai."

Nilikaa kwanza. Kisha nikafunga mikate ya viazi iliyokuwa imeiva, maana huendi kwa watu mikono mitupu.

Aliyepotea ni Nibaldo, mjukuu wangu. Nimemlea tangu mama yake alipokwenda Puerto Montt kufanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Alikuwa ametoka peke yake kuzamia chaza, injini ikafa, na dhoruba ikamsukuma kusini kwenye miamba ya Guaitecas. Dhoruba ilipopita ukaja ukungu, nao haukuondoka. Tangu hapo hakuna mwanamke wa kijiji chetu cha Quilpán aliyezima redio yake.

Boti ilinipeleka hadi kwenye ukungu, na meli ikatokea juu yetu ghafla, ndefu, ya kijivu, bila taa. Niliijua. Mdogo wangu Heraldo alikuwa mchomeleaji kule Talcahuano ilikojengwa, na aliwahi kuniambia, "Dada, hii ina mlango nyuma kama tumbo la papa. Inameza boti zake na kuzitapika." Nilidhani ananitania. Lakini tezi, yaani nyuma ya meli, ilifunguka kweli, boti ikapanda ulimi wa chuma, na mlango ukajifunga nyuma yetu.

"Shikamoo, bibi," alisema baharia mmoja mnene aliyenishika mkono.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni Millalonco, wa kisiwa cha pili tu hapo." Akavua koti lake akanivika, akabaki na fulana katika baridi ile. Sikumwomba.

Kamanda alikuwa mwanamke, Riquelme, mtu wa Santiago, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alinipa kiti chake mwenyewe.

"Bibi, jana tulimsikia akikohoa," alisema. "Alikuwa karibu hivi. Nikamwita kwa kipaza sauti, jina lake lote, Nibaldo Andrés Chiguay Vera. Kikohozi kikanyamaza hapohapo. Tukazima injini, tukasikiliza. Kimya kabisa. Ukungu ukamfunika, na mashua yake ya mbao haionekani kwenye rada katikati ya miamba hii. Nani huitwa na waokoaji asiitike?"

"Mimi," alisema Millalonco. "Mimi nisingeitika, Kamanda. Kwetu wito wa kwanza baharini ni wa wafu. Aliyekufa ana pumzi moja tu, kwa hiyo huita mara moja. Aliye hai ataita mpaka mara ya tatu. Kila mtoto wa huku anajua. Na meli yenyewe haina taa, imetokea kwenye ukungu, inataja jina lako lote kama padri kaburini! Hata mimi ningejificha chini ya turubai."

"Na jana ulikuwa wapi usiniambie?"

"Jikoni, Kamanda. Namenya viazi. Adhabu uliyonipa wewe mwenyewe."

Mabaharia walicheka, na kamanda naye akacheka kidogo. Kisha akageuka kwangu, na kicheko kikamwisha.

"Sasa ataogopa kila sauti ngeni. Daktari wetu anasema kifua kile hakitavuka baridi ya usiku mwingine. Utamwita wewe?"

Walinipeleka nje. Kamanda alizima injini, akawaambia watu wote wasisogeze hata mguu. Nimeishi miaka mingi, lakini sijasikia kimya kama kile. Meli nzima ilishika pumzi kwa ajili ya mtoto wangu. Maji yalilamba chuma mbali chini, basi.

Sikumwita Nibaldo. Nilimwita jina la nyumbani, la yule ndege mdogo wa msituni.

"Chucao!"

Kimya. Nilijua anasikiliza. Nilimwona moyoni mwangu, amejikunja, mkono mdomoni kuzuia kikohozi.

"Chucao, mwanangu!"

Kimya tena. Kamanda alinitazama, nikamwinulia kidole, ngoja.

"Chucao! Mikate imeiva!"

Zikajibu sauti mbili.

Ya kwanza ilitoka kushoto, karibu, nzito na yenye nguvu, haina kikohozi. "Nipo hapa, Melita!"

Ya pili ilitoka kulia, mbali, dhaifu, ikikwaruza kama mlango wa zamani. "Bibi?"

"Kushoto!" alisema kamanda. "Usukani kushoto, taratibu!"

"Hapana, binti yangu," nikasema. "Si huyo."

"Bibi, nimemsikia kwa masikio yangu. Wote tumemsikia."

"Na mimi nimemsikia. Lakini Nibaldo haniiti Melita. Duniani aliyeniita hivyo ni mmoja tu."

"Nani?"

"Eliecer. Mume wangu."

"Naye yuko wapi?"

"Huko huko. Alitoka kuvua samaki wakati mama yake Nibaldo bado anatambaa, hakurudi."

Millalonco alifanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyecheka. Sauti ile ilikuwa changa, kama alivyoondoka nayo, na miguu yangu ilitaka kwenda. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumwitikia. Miaka yote ile, na wito wenyewe ni mmoja. Nikaufunga mdomo. Nikageukia kulia.

"Sema tena, Chucao! Bibi yuko hapa!"

Kushoto, kimya. Kulia, "Bibi! Ni wewe kweli?" na kikohozi kirefu, kibaya, kizuri.

Kamanda alinitazama usoni kidogo tu. "Kulia," akasema. "Teremsheni boti."

Tezi ilifunguka, boti ikateleza majini na Millalonco ndani yake na fulana yake. Iliporudi, mjukuu wangu alikuwa amelala sakafuni, midomo ya buluu, na kichwa chake juu ya mapaja ya yule mnene aliyekuwa akimwimbia wimbo wa kitoto huku meno yake yakigongana. Nibaldo alinishika uso wote, pua, masikio, kama kipofu.

"Ungeita mara mbili tu, bibi, ningenyamaza," alisema.

"Najua. Kula."

Alipona. Mapafu yalichukua muda, lakini alipona, na Millalonco hupita kwetu kila akipata likizo, akidai koti lake huku akila viazi.

Baada ya hapo, siku moja kabla ya alfajiri, kifuniko cha birika kilianza kugongagonga. Nibaldo alikuwa bado amelala. Nilikuwa nakwaruza viazi niliposikia redio ikilia tik.

Redio haikuwa na betri. Nibaldo aliitoa jioni ili aichaji kwa jirani, na nyaya zake zilikuwa zinaning'inia ukutani.

Ikatoka sauti ile changa, ya Eliecer. Hakuniita jina, kwa hiyo halikuwa jambo la kuitika au kutoitika. Alizungumza tu, kama mtu aliyekaa upande wa pili wa jiko.

"Ulifika karibu sana siku ile," alisema. "Nilikusikia. Ulifanya vizuri. Mtoto kwanza."

Birika likachemka. Nikalivuta pembeni ili nimsikie.

"Ila siku moja, ukipata nafasi, uje tena kunitembelea."