Ndege Wanne Kwenye Meza ya Mgodi

Nasema wazi: nikikufundisha pinboli ya kompyuta ukashindwa, kosa ni lako. Miaka kumi na minne nafundisha wapya hapa Bochum, na sijaona kichwa kigumu kuliko ulimi wangu. Tunakutana Jumamosi, saa nane mchana, katika gereji kuukuu nyuma ya duka la mikate. Kahawa inachemka, keki ya plamu ipo mezani, na kila anayeingia anapeana mkono na watu wote, hata wale aliogombana nao wiki iliyopita.

Sanduku letu ukiliona utadhani ni pinboli ya kilabuni ya zamani: miguu minne, kitufe cha kulia na cha kushoto vya kurusha vibao vinavyouzuia mpira wa chuma usitumbukie, na fimbo ya kuvuta mbele ya kuufyatua. Ukichungulia ndani ndipo unakuta runinga imelazwa chali, na mpira wa chuma ni picha tu. Ila picha hiyo ikidunda vizuri, mkono wako hauwezi kuitofautisha na chuma chenyewe.

Wapya wana ugonjwa mmoja. Mtu anasikia kuna meza, ndivyo tunavyoziita programu za mchezo huu, elfu mbili mtandaoni, bure, basi anazishusha zote kwa siku moja. Hakuna hata moja inayocheza. Anakuja hapa uso umemshuka. Mimi namwambia, "Rudi kwenu, futa zote, bakisha moja. Mpira ukicheza kwenye hiyo moja, njoo nikupe keki." Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na kwa nini ni bure? Kwa sababu kuna watu kama mimi, Roswitha Kettler, fundi wa kukereza vyuma niliyestaafu, tunaokaa mwaka, miaka miwili, tukitengeneza meza moja. Tunachora taa, tunapima mteremko, tunarekodi milio. Kisha tunaigawa kwa yeyote atakaye. Ndiyo maana mlangoni niliandika kwa mkono wangu, kwa rangi nyekundu: ALIYEUZA MEZA NA ALIYENUNUA MEZA, WOTE NJE. Kuna wajanja wanazikusanya meza zetu, wanazijaza kwenye diski, wanawauzia wageni wasiojua. Wezi hao. Nikisikia habari zao damu inanichemka.

Septemba ile tulikuwa na wapya wawili. Nurgül Aksoy, fundi miwani, mwanamke wa daftari na kalamu, haulizi jambo mara mbili. Na Gerold Pohlmann, dereva wa tramu mstaafu, mrefu, mpole, masikio makubwa. Gerold aliniambia siku ya kwanza kwamba tangu mkewe afariki, Jumamosi zilikuwa zinamshinda, na kwamba hapa ndipo mahali pa kwanza mtu kumwekea kiti kabla hajafika. Aliyemwekea kiti ni mimi. Sikumwambia.

Siku hiyo, somo la tatu, wote wawili walileta masanduku yao. Tulianza na la Nurgül.

"Bi Roswitha, nikibonyeza, kibao kinachelewa kuupiga mpira," alisema. "Mpira unaniponyoka. Mimi ndiye mzito au mashine?"

"Wewe mzito wa nini! Runinga yako inajipodoa. Inaipamba picha kwanza ndipo ikuoneshe. Ingia kwenye mipangilio, chagua hali ya michezo, ivue vipodozi vyote."

Akafanya. Akabonyeza. Kibao kikaruka palepale, na yeye akaruka nacho.

"Lo! Wiki mbili nimejilaumu bure!"

"Sasa ligonge sanduku kidogo kwa kiganja, mpira ubadili njia. Kidogo, nimesema! Ukilitikisa kama mti wa matunda litanuna, vibao vitazima, na mpira umekwenda zake."

Tukahamia kwa Gerold. Sanduku lake lilikuwa zuri ajabu, kingo zimepigwa msasa mpaka laini. Akaliwasha. Meza zikajipanga kwenye skrini, moja baada ya moja, mamia kwa mamia, na zote zinacheza. Mtu wa somo la tatu! Watu wakaanza kutazamana.

"Umejenga mwenyewe, Bwana Pohlmann?" aliuliza Uwe Lindhorst, mwenyekiti wetu. Mimi na Uwe tumefanya kazi karakana moja miaka ishirini na mbili, na chama hiki tulikianzisha pamoja.

"Mwenyewe," alijibu Gerold. Masikio yakamwiva.

Akaendelea kupitisha orodha, na hapo nikaiona. Mgodi. Meza yangu mimi. Ile niliyoitengeneza miaka miwili kwa kumbukumbu ya marehemu baba yangu, mchimba makaa. Ile ambayo ilikuwa haijatoka bado, ilikuwa itoke Novemba. Hakuna mtu hai aliyestahili kuwa nayo, isipokuwa mimi na watu watatu niliowapa waijaribu.

"We Gerold," nilisema, na sauti yangu mwenyewe sikuitambua. "Hiyo umeitoa wapi?"

Kisha mzee wa watu akainamisha kichwa.

"Sanduku nimelijenga mwenyewe, Bi Roswitha, naapa. Meza ndizo sikuweza. Nilihangaika wiki tatu kabla sijaja hapa, mpira haukucheza. Nikaona tangazo mtandaoni, diski imejazwa tayari. Nikanunua. Ikaja kwa posta, jina la muuzaji halikuwepo. Yale maandishi ya mlangoni nilikuja kuyasoma baadaye, na nikaona haya kusema."

Gereji ikalipuka. Huyu anasema hivi, yule anasema vile. Uwe akapiga meza kwa kikombe.

"Sheria inajulikana! Aliyenunua, nje. Tena kanunua mali ya Roswitha mwenyewe! Mimi nasema tupige kura sasa hivi, ndugu zangu, atoke, tuendelee na kahawa yetu."

Nami nilikuwa upande wake, sifichi. Mkono wangu ulikuwa umekwisha anza kupanda. Nilitaka Gerold atoke, sanduku lake litoke, na ule upole wake utoke nao, maana ulikuwa umenilaghai.

Lakini fundi ni fundi, hawezi kutazama kazi yake bila kuikagua. Nikabonyeza Mgodi, ikafunguka. Nikainama kwenye kona ya chini kushoto, palipo na kitundu cha ndege wa manjano, wale ambao wachimbaji walishuka nao chini ili wajue hewa ikiharibika. Kwenye meza yenyewe nimechora ndege mmoja. Lakini nakala za majaribio mimi huzitia alama, na sijapata kumwambia mtu. Ilse wa Bremen nilimpa yenye ndege wawili. Pieter wa Utrecht, ndege watatu.

Nilihesabu mara moja. Nikavaa miwani, nikahesabu tena. Wanne.

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Uwe," nilisema. "Nakala niliyokupa wewe ina ndege wanne."

"Ndege gani tena?"

Nikaeleza, polepole, kila mtu asikie. Wakaja mmoja mmoja kuinama na kuhesabu, kama watu wanaotazama maiti. Uwe hakuja.

"Basi nimeibiwa," alisema. "Kompyuta yangu iko wazi nyumbani, wajukuu wanaingia, mafundi wanaingia. Roswitha, unanijua mimi! Miaka yote hii!"

Nilitaka kumwamini. Mungu wangu, nilivyotaka! Nilikuwa nishafungua mdomo kusema haya, yawezekana, wakati Nurgül alipoinua kalamu yake, kama mwanafunzi darasani.

"Samahani, mimi mpya, labda sijaelewa," alisema. "Bwana Lindhorst, hapa pameonekana meza iliyoibwa. Kila mtu anauliza imetoka wapi. Wewe peke yako hukuuliza. Wewe ulitaka tu huyu baba atoke haraka. Kwa nini?"

Uwe akamtazama. Akanitazama mimi. Nikaona shingo yake inapanda wekundu, kama zamani msimamizi alipokuwa akimkuta amelala zamuni.

"Kwa sababu mnagawa bure!" akafoka. "Bure, bure, kila kitu bure! Nimekaa na chama hiki miaka kumi na minne, nafagia, nabeba masanduku, nanunua kahawa, na mwisho wake nini? Watu wanataka kununua, nami nimewauzia! Nani ameumia?"

"Mimi," nilisema. "Mimi nimeumia, Uwe. Ile ni meza ya baba yangu."

Akatoa funguo za gereji mfukoni, akaziweka kando ya sinia la keki, akachukua koti. Hakupeana mkono na mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi huyo aliyenila nilimpa nakala kwa mkono wangu mwenyewe. Nilihisi kama nimefiwa.

Gerold alikuwa anachomoa waya wa sanduku lake.

"Na wewe unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Nje. Umeandika mwenyewe pale. Aliyeuza na aliyenunua." Akaanza kuukunja waya. "Nilitaka niwe kama nyinyi, Bi Roswitha, ndiyo maana nikadanganya. Nisamehe kwa hiyo meza ya baba yako."

Kila jicho lilikuwa kwangu. Sheria ni yangu, maandishi ni yangu, na mimi si mtu wa kumeza maneno yangu. Nilitafuta njia ya kumwacha abaki bila kuonekana nimerudi nyuma. Sikuipata, maana haipo.

"Rudisha waya," nilisema. "Washa. Futa."

"Nifute ipi?"

"Zote. Na yangu pia. Usibakishe kitu."

Alikaa mbele ya sanduku lake. Zilikuwa meza elfu moja na mia tatu na ushee, na zilichukua dakika kumi na moja kufutika. Hakuna aliyegusa kahawa. Gerold alitazama mpaka ya mwisho, mikono ameiweka magotini, na skrini ilipobaki nyeusi hakunung'unika wala hakuuliza kama inatosha.

Nikasimama.

"Sheria niliiandika mimi, na ina kasoro," nilisema. Wanaonijua wakashika viti vyao. "Nimemweka mwizi na aliyelaghaiwa kwenye mstari mmoja. Jumatatu naupaka rangi mlango ule, naandika upya. Leo tunapiga kura. Nani anasema Gerold Pohlmann abaki?"

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wangu. Wa Nurgül ukafuata, na kalamu yake, kisha ikawa mikono mingi nikaacha kuhesabu. Gerold akalia pale pale kitini, mwanamume mzima wa miaka sitini na saba. Tulimwacha alie mpaka akamaliza, ndipo tukamkatia keki.