Udongo wa Miguuni mwa Vipepeo

Kila asubuhi, kabla ya kupanga foleni ya maji, Mukamugema aligeuza majani ya kabichi zake moja moja, akayaponda kwa kidole gumba mayai ya vipepeo weupe. Alizipanda katika magunia mawili tu ya udongo, yamesimama juu ya mawe ya volkano kambini Kanyaruchinya. Jani alilolisahau leo, kesho kutwa lingebaki mishipa.

Vipepeo wenyewe hakuwafukuza. Walifika saa moja hivi kutoka upande wa Rutshuru, wakatua ukingoni mwa gunia, wakakung'uta miguu, na kila mmoja akaacha udongo kidogo kabla ya kwenda kutaga. Ulikuwa udongo wa shamba lake. Aliujua kwa weusi wake na kwa jivu la mabua ya maharage, ambalo mumewe Sibomana hunyunyizia kabichi ili viwavi wasizile. Vita vilipofika, Sibomana alimtanguliza na watoto, akasema atafuata akishavuna. Miezi saba ilikuwa imepita, na simu yake haikupatikana.

Basi Mukamugema akawa anausoma udongo. Ukija na unyevu, alijua mumewe amepalilia. Ukija na maganda ya viazi, alijua amekula. Majirani waliotoka huko walimuuliza kama mvua imenyesha, akawaambia.

Mwezi wa kumi udongo ulikuja mkavu, umejaa mbegu za magugu, siku nane mfululizo. Siku ya tisa ukaja wa njano, mzito, wa kunata. Huo hakuutambua. Alimwita jirani yake, muzee Donat, aliyechimba visima Rutshuru miaka ishirini. Donat aliusugua kati ya vidole, akaunusa.

"Hii inatoka chini, mama. Chini kupita kiuno ya mutu."

"Pengine anachimba choo."

"Choo tunachimba karibu na nyumba. Hii iko na mizizi ya mashu." Donat alizionyesha kabichi za gunia kwa kidevu, akajifuta mikono polepole. "Na kwa mashu, mutu hachimbake chini hivi."

Vipepeo walileta ule wa njano hadi adhuhuri, kisha basi. Mukamugema aliukusanya katika beseni. Jioni majirani walikuja, katekista akasali, na kila mtu akachota kidogo na kuudondosha tena, kama inavyofanywa kaburini.

Jumatatu udongo mweusi ulirudi, laini, umelimwa vizuri, bila jivu. Donat alisema hamjui aliyelima, ila mtu huyo kazi anaijua. Mukamugema alikubali. Aliuchota kwa kijiko, akaongeza katika gunia la pili.

Tangu hapo, kabla ya kuumimina, huupekua kiganjani akitafuta chembe za njano, aone kama jembe la yule mtu limepita pale alipolala Sibomana. Hajaziona bado. Yule mtu analima akimzunguka.