Jina la Kwenye Kengele

Ziara ya Ilka Zsoldos ilianza saa nne asubuhi mbele ya sinagogi kubwa la Budapest, ikapita kwa mwoka mikate ambako wageni walinunua keki za mbegu na kujipaka sukari mpaka puani, kisha ikamalizikia mtaa wa Dob, mbele ya jumba ambalo Ilka mwenyewe aliishi. Si kwamba jumba hilo lilikuwa na historia kuliko majirani zake. Lilikuwa na supu yake. Akishawaaga wageni alibakiwa na ngazi tu kufika mezani, na mwanamke mwenye goti bovu halaumiwi kwa hilo.

"Hapa," aliwaambia wastaafu wa Kiholanzi Jumanne moja ya Aprili, "kabla ya vita zilikaa familia za Kiyahudi. Mwaka arobaini na nne wakazi hao waliondoka."

"Hatukuondoka," sauti ikasema kutoka nyuma. "Tuliondolewa."

Ilka akageuka. Nyuma ya Waholanzi alisimama mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa koti la kahawia, na upande wa kushoto wa koti lile kulikuwa na vitundu vya uzi pale palipofumuliwa kitu chenye umbo la nyota. Njiwa alikuwa akimpita katikati. Aliingia kwenye mguu wa kulia, akatokea kwenye wa kushoto, akaendelea na makombo yake.

"Samahani, dada, una tiketi?" Ilka akauliza.

"Mimi ni marehemu."

"Marehemu hawana punguzo. Punguzo ni la wanafunzi na wastaafu."

"Basi mimi ni mstaafu. Tangu nife sijafanya kazi."

Waholanzi wakasogea kumpisha, maana ni watu wenye adabu zao. Mmoja akataka kujua kama marehemu anapatikana kila siku au ni Jumanne tu. Ilka akajibu kwamba hilo bado halijapangwa, akawaonyesha choo kilipo, akawaaga. Marehemu hakuaga mtu. Alipanda ngazi nyuma ya Ilka, tena alipanda bila kutazama chini, kama mtu anayejua kidato gani kimelika.

Penye mlango wa ghorofa ya pili akasimama. Akapeleka kidole kwenye mwimo wa kulia, akabonyeza rangi, na chini ya rangi pakatokea kijishimo kirefu kilicholala mshazari, mahali palipopigiliwa zamani kile kikasha chenye maneno ya Mungu ambacho Myahudi hukigusa akiingia kwake. Kila siku ya Mungu Ilka aliwatembeza watu hadi mtaa wa tatu kuwaonyesha kijishimo kama hicho. Cha mlangoni kwake hakuwahi kukiona. Familia yake ilikuwa ikipenda sana kupaka rangi.

Aliyefungua ni mama yake Ilka, Bibi Piroska, aliyeletwa katika nyumba ile akiwa mtoto wa miaka minne na hajatoka tangu hapo isipokuwa kwenda sokoni na kuzika. Hapo ukazuka mgogoro wa salamu. Kule mdogo humwambia mkubwa "nabusu mkono", kama kwetu shikamoo. Sasa nani amwamkie nani? Kwa sura, marehemu alikuwa wa kuzaliwa na Piroska. Kwa mwaka wa kuzaliwa, Piroska angeweza kubebwa naye mgongoni. Wakatazamana. Mwishowe wote wawili wakasema "nabusu mkono" kwa pamoja, na hakuna aliyeubusu wa mwenzake.

"Naitwa Szerén Lőwy," akasema marehemu. "Hapa ni kwangu. Ninyi mmepapataje?"

"Tulipewa," akasema Bibi Piroska.

"Na nani?"

"Na ofisi."

"Na ofisi ilipewa na nani?"

"Binti, wewe unauliza maswali na supu inapoa."

Wakakaa mezani. Supu ilikuwa ya maharage na nguruwe wa moshi, na Szerén akaisogeza mbali kwa kidole kimoja, maana nguruwe hakumla alipokuwa hai na hakuona sababu ya kuanza sasa. Kufa si ruhusa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumba lile halikuwa na jembe, alipewa ufagio. Akapewa na mahali pa kulala: chumba cha mtumishi nyuma ya jiko, ambacho marehemu mwenyewe ndiye aliyekichagulia vigae. Kitanda chake cha zamani kilikuwa kikilaliwa na Bibi Piroska, na mtu wa miaka themanini na kitu hahamishwi kitanda. Hivyo ndivyo Bibi Piroska alivyoeleza, tena akiwa amelala juu yake. Szerén hakubisha. Alitwaa jiko, akamfukuza nguruwe sufuriani, na Bibi Piroska akala maharage matupu akinung'unika mpaka akaanza kuomba kuongezwa.

Jambo moja tu ndilo aliloliomba, na aliliomba siku ile ya kwanza, akalirudia ya pili na ya tatu.

"Niandikieni jina langu pale chini, kwenye kengele."

"La nini?" Ilka akauliza. "Unayo nafasi, unakula, unalala."

"La Mór." Mór alikuwa mume wake, fundi miavuli, aliyechukuliwa na jeshi kwenda kuchimba mahandaki katika theluji ya Ukraine na hakurudi. "Mimi kutembea mpaka hapa kumenichukua miaka themanini, na nilifia karibu, mpakani tu. Yeye anatoka mbali zaidi, na miguu yake ni mibovu. Lakini atakuja. Na namjua mume wangu, ana haya kupita kiasi. Hawezi kugonga mlango wa watu. Atasoma majina kwenye kengele, akikosa Lőwy ataomba radhi kwa ukuta na kupita zake."

Ilka alilielewa jambo hilo sawasawa. Alimwonea huruma, huruma ya kweli. Angeweza kukata kipande cha karatasi, akaandika herufi nne, akakibandika chini ya ZSOLDOS. Lakini mama yake alimvuta pembeni, karibu na friji.

"Leo jina," alinong'ona. "Kesho kitanda. Keshokutwa mimi na wewe tuko wapi? Kwenye benchi la bustani, tunaonyeshwa kwenye ziara ya mtu mwingine?"

Basi Ilka akafanya kama wafanyavyo watu waungwana wasiotaka kusema hapana. Akalipeleka jambo kwenye mkutano.

Wakazi walikutana uani, kando ya mapipa ya taka, chini ya uenyekiti wa Bwana Ödön Pásztor wa ghorofa ya kwanza, mtu mwenye sauti nzuri ya mazishini. Szerén aliketi mbele, ametulia, mikono mapajani.

"Sisi sote tunamheshimu marehemu," Bwana Ödön alianza. "Mimi mwenyewe ngazini humpisha, ingawa naweza kupita katikati yake. Tatizo ni la kiufundi. Nyaya."

"Nyaya zina nini?" Ilka akauliza.

"Kila jina lina waya wake. Hakuna waya wa ziada."

"Sihitaji ilie," akasema Szerén. "Nahitaji isomeke."

Mama mmoja wa ghorofa ya tatu akasema hana neno, ila tukimwandika huyu, wa kwake je? Maana kwake kuna sauti ya mtu anayepiga fidla bafuni, na hajawahi kumwuliza jina, makusudi. Mwingine akasema yeye kila Ijumaa jioni hukuta mishumaa imewashwa mezani na huizima bila kufanya fujo. Ikaonekana hapakuwa na nyumba isiyo na marehemu wake. Watu walikuwa wakijua, kila mmoja kivyake, na kila mmoja alikuwa amepaka rangi.

"Ubao hautatosha," akasema Bwana Ödön, akijifuta jasho. "Na Waswahili wa zamani hawakukosea waliposema, asiyekuwepo na lake halipo." Alilisema kwa Kihungari, bila shaka, lakini ndilo hilohilo.

"Sasa nipo," akasema Szerén.

"Ulikuwa hupo."

"Kwa sababu mliniondoa."

"Si sisi. Sisi tulipewa."

Wakapiga kura. Szerén naye aliinua mkono, wakamweleza kwa upole kwamba kura ni ya wenye nyumba. Ikapita kwa kauli moja kwamba marehemu atambuliwe rasmi kuwa mgeni wa kudumu, kwamba pawekwe chungu cha maua uani kwa heshima ya wote, na kwamba ubao wa kengele ubaki ulivyo. Ilka aliinua mkono wake pamoja na wenzake. Aliona aibu, na aibu hiyo ilidumu mpaka kahawa ilipokuwa tayari.

Baada ya hapo mambo yakakaa. Szerén akawa anashuka saa sita kasoro kuwasubiri wageni mlangoni, na ziara ikapata sifa hadi ng'ambo. Watu waliandika kwamba kiongozi ni mzuri ila marehemu ni mzuri zaidi, anaongea taratibu na hakimbizi watu. Akimaliza kueleza alipanda mapema kupasha supu, na Ilka akipanda alikuta swali lake likimngoja mlangoni, lilelile kila siku: "Kuna aliyeniulizia?"

"Bado," Ilka alijibu, na ilikuwa kweli.

Ikafika Juni, jua kali, lami inanata kwenye viatu. Siku hiyo Szerén alikwisha panda. Ilka alikuwa ameinua mwavuli wake juu, kama viongozi wa ziara wafanyavyo, akiwahesabu Wareno wake wasipotee, alipomwona mwanamume mbele ya ubao wa kengele. Amevaa jaketi la baridi, na mabegani ana theluji isiyoyeyuka. Alisoma jina la kwanza, la pili, alisoma yote polepole, midomo ikicheza. Alipofika chini alirudi juu akaanza upya.

Mreno mmoja, kijana mwema, akamsomea kwa sauti akidhani hana miwani. Pásztor. Zsoldos. Mpaka mwisho.

"Asante," yule mtu akasema. "Samahani kwa usumbufu." Akageuka, akauona mwavuli wa Ilka, na uso wake ukaumia kama wa daktari aliyeona mguu uliovunjika. "Bibi, ubavu mmoja umepinda. Niruhusu." Akauchukua, akaunyoosha kwa vidole viwili, akaufungua na kuufunga, akamrudishia. Haukuwahi kufunguka vizuri namna ile tangu ununuliwe.

Ilka akafungua mdomo. Bwana Ödön alikuwa amesimama dirishani ghorofa ya kwanza, anamwagilia maua, anasikia kila kitu. Juu, kwenye ghorofa ya pili, Bibi Piroska alikuwa amejilaza kitandani. Wareno walikuwa wakiuliza choo kiko wapi.

"Upande wa kushoto, baada ya duka la dawa," Ilka akasema.

Yule mtu akadhani ameambiwa yeye. Akainamisha kichwa kwa shukrani, akashika njia ya kushoto, mdogomdogo kwa miguu yake mibovu, na kwenye jumba lililofuata akasimama tena, akaanza kusoma.

Ilka akawaaga Wareno. Akapanda ngazi. Mlango ulikuwa wazi, na Szerén alikuwa akipanga sahani, kijiko cha supu mkononi.

"Kuna aliyeniulizia?"

"Bado," Ilka akasema, akaketi, akala.