Sauti ya Maureen Tattersall

Maureen Tattersall alikuwa akipiga pasi shati la mumewe, jikoni kwao Stockport, Uingereza, aliposikia sauti yake mwenyewe ikiimba bafuni. Hakushtuka. Norman alikuwa akifanya mazoezi ya kinanda cha mdomo, na sauti ya mkewe ilikuwa humo tangu mwaka sitini na tatu, alipoiazima kwa onyesho moja tu la muziki wa bluzi kwa kuwa Maureen alikuwa mjamzito na hangeweza kusafiri. Tangu hapo Maureen hakuweza kutamka hata neno moja. Norman aliahidi kuirudisha baada ya ziara ya Ujerumani, kisha ikaja Denmaki, kisha Marekani, na mambo ya bendi hayaishi.

Mtaani walijua. Muuza nyama akiisikia sauti hiyo redioni humwongezea Maureen soseji mbili.

Vijana wa gitaa walikuja kwa Norman hawajui hata kukaza nyuzi, wakaondoka nyota. Kila onyesho lilipokaribia kwisha aliwataja wanabendi mmoja mmoja, kama ilivyo desturi, na kila aliyetajwa aliinama akapigiwa makofi. Maureen hakuwahi kutajwa. Kuhusu sauti alikwisha kusamehe. Hilo la jina ndilo lililomuuma miaka yote.

Jioni hiyo lilikuwa onyesho la mwisho. Norman alikuwa na miaka themanini na tisa.

"Baba, leo utamtaja Mama," alisema Gillian, binti yao, akimfunga vifungo vya shati. "Usitutie aibu."

"Nitamtaja, bwana! Unadhani akili zimeniruka?"

"Akili unazo. Adabu ndiyo sina hakika nayo."

Maureen alicheka kimyakimya, akavaa gauni lake la buluu, akapaka rangi ya mdomo.

Ukumbini alikaa mstari wa mbele na jirani yake, Doreen. Wimbo ulipokolea, Norman akaanza kutaja. Akamtaja mpiga ngoma, akamtaja mpiga besi. Akawataja wote waliopitia bendi yake, na waliokwisha kufa wakatokea pembeni ya jukwaa na magitaa yao, wakainama, wakapigiwa makofi kama wenzao. Hata dereva wa gari la vyombo alitajwa.

"Na sasa," akasema, "mwenzangu wa maisha. Bila yeye mimi si kitu."

Maureen akaweka mkoba chini, akasimama.

Norman akakiinua kinanda cha mdomo kwenye mwanga wa taa, akakibusu. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Kisha akakipuliza, na Maureen akajisikia akiimba, msichana wa miaka ishirini na mbili anayemsihi mtu asiondoke.

Akaketi. Iliuma, iliuma vibaya sana, na kilio hakikuwa na pa kutokea.

Watu walipoanza kutoka, Doreen alimshika mkono.

"Umeimba vizuri leo, Maureen," alisema.

Maureen akaitikia kwa kichwa, akaenda kumchukulia Norman koti lake.