Mtu wa Mwanga Aliyemfuata Losa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kila siku isipokuwa Jumapili, Losa Tuimavave alifungua ukumbi wa gemu ulio ghorofa ya juu ya maduka ya Manukau, jijini Auckland, akafyonza vumbi, akafuta vioo, kisha akacheza. Haukuwa utundu wake. Bryce, meneja, aliagiza kwamba anayefuta vishikio lazima acheze mara moja kwenye kila mashine, ahakikishe hakuna kinachokwama.

Mashine iliyopendwa kuliko zote ilikuwa na vishikio viwili na taa za neoni, waridi na buluu. Kwa mkono wa kushoto unamtembeza mtu wa mwanga. Kwa wa kulia unazungusha mnyororo wake wenye tufe la chuma. Mle ndani kila kitu kina uzito. Ukilivurumisha tufe kwa pupa linakuburuta wewe mwenyewe, na maadui wanakumaliza. Vijana walitoka jasho pale. Losa alikuwa amesukuma mashine ya kung'arisha sakafu kwenye korido za hospitali miaka kumi na tisa, na mashine ile haitaki ubabe: ukiinua mpini kidogo inakwenda kulia, ukiushusha inakwenda kushoto, ukishindana nayo inakubamiza ukutani. Basi alicheza vivyo hivyo, bila haraka, aproni kiunoni, na kila asubuhi alivunja rekodi ya Auckland nzima.

Na kila asubuhi, kabla ya wateja kuingia, Bryce aliifuta.

"Hiyo ya majaribio, Anti Losa. Ya watu wa usafi haihesabiki."

Losa alitaka kitu kimoja tu: jina lake likae kwenye ubao wa taa wa mabingwa, juu ya mlango, walau mpaka jioni, wapita njia walisome.

Alhamisi moja, Bryce alipobonyeza kufuta, mtu wa mwanga alishuka kutoka kwenye kioo. Alikuwa na kimo cha mpini wa ufagio. Akakunja mnyororo wake, akamfuata Losa mpaka kituo cha basi. Dereva alisema tufe liwekwe chini ya kiti. Nyumbani, Akenese, dada yake mkubwa, alikuwa akimenya ndizi mbichi.

"Huyu naye?"

"Wa kazini, dada."

"Anakula?"

"Muulize mwenyewe."

"Haya, akae. Ila hilo dude aliache nje, zulia jipya hili!"

Jumapili alikwenda nao kanisani, akaketi kwenye kwaya na wanaume wa sauti ya besi.

Shida ilikuwa ukumbini. Mashine ilibaki na maadui watupu, wakizunguka bila wa kupigana naye, na fainali ya mashindano ya mchezo huo ilikuwa Jumamosi. Mafundi waliipima wakaandika kwamba mtu wa mwanga hurudi kiooni Losa anaposhika vishikio, na hutoka anapoviachia. Bryce akapata ufumbuzi.

"Kwa hiyo nacheza mimi?" Losa aliuliza.

"Hapana, Anti. Anacheza Hamish. Wewe unashika tu."

Kwenye fomu ya mashindano Bryce akamwandika Losa kwenye orodha ya vifaa, kati ya nyaya na viti.

Jumamosi walikuja jamaa arobaini wa Losa, wanawake kwa magauni ya kijani na maua masikioni. Hamish, bingwa wa mwaka uliopita, alisimama nyuma ya Losa na glovu zake.

"Kulia! Kulia!"

Losa akaenda kushoto.

"Wee kijana, mwache mtu afanye kazi!" Akenese alipaza sauti. "Njoo ukae hapa unywe soda!"

Tufe lilizunguka, adui akamgonga adui, kuta za mle kiooni zikabomoka mmoja baada ya mwingine mpaka ukuta wa mwisho, ambao hakuna aliyewahi kuuona. Juu ya mlango likawaka jina la Hamish. Alipewa kombe, na kwa kuwa alikuwa na adabu, aliishukuru mashine.

Akenese akasimama. Kwao Wasamoa, wenu akitukuzwa hamkai mkamtazama. Mnainuka mkacheza na kufanya vichekesho pembeni yake, na anayempenda zaidi hujitupa chini ili akanyagwe mgongo. Jina lililotajwa halikuwashughulisha. Walicheza wote arobaini. Bryce alitangaza kwa kipaza sauti kwamba sherehe imekwisha, na wao wakaongeza sauti.

Losa akaviachia vishikio. Mtu wa mwanga akatoka, akaweka mnyororo kando, akalala kifudifudi kwenye zulia. Losa akavua viatu, akapanda mgongoni mwake, mikono imeinuliwa, kidevu juu. Alikuwa na kilo tisini na mbili, na mtu yule hakupinda. Losa aliona fahari, wala hakuificha.

Jina la Hamish lilikaa juu ya mlango mwaka mzima.

Ngoma ikiendelea bado, Bryce alisogea, akatazama petali zilizotapakaa sakafuni.

"Ukimaliza, Anti, hapa pafagiliwe."

"Nikimaliza," Losa alisema, akaendelea kucheza.