Juu Mara Moja, Chini Mara Mbili

Adrien, mume wangu, ni dereva wa lori la barabara ya Sakania. Siku moja alirudi nyumbani Kasungami na sandali moja tu. Nyingine ilimtoka njiani naye hakujua. Wiki iliyofuata aligonga lango la depo, maana mguu ulikuwa kwenye mafuta huku yeye akidhani uko kwenye breki. Tajiri wake akasema bila karatasi ya daktari hagusi usukani tena.

Ujanja wa kumdanganya daktari ulikuwa wake, maana madereva wenzake walikuwa wamemsimulia kipimo cha kidole cha mguu.

“Mama Graciella, utanishika mukono. Kidole kikipanda, unifinye mara moya. Kikishuka, mara mbili.”

Nilikubali shingo upande. Lori lile nalichukia tangu zamani, na yeye anajua.

Dokta Daniella hakuleta mashine yoyote. Alimlaza Adrien, akaniruhusu kumshika mkono, akamwambia afumbe macho na aseme kidole kinakwenda wapi. Kisha akamshika kidole gumba cha mguu kwa ubavuni.

“Njo vile marehemu Profesa Alphonse alitufundishaka,” aliniambia. “Ukishika juu na chini, unamupa mugonjwa jibu. Alisemaka mugonjwa ataiba jibu popote, sababu anataka kutufurahisha.”

Marehemu huyo aliniudhi. Amekwisha kuzikwa, na bado ananichungulia mkono!

Kidole kikapanda. Nikafinya mara moja.

“Chini,” Adrien akasema.

Kikashuka. Nikafinya mara mbili.

“Chini.”

Safari ya tatu kikapanda tena, na tena akasema chini. Nilidhani amesahau mapatano yetu. Nikafinya kwa nguvu, halafu kwa kucha. Uso wake ulitulia kama wa mtu anayesubiri chai.

“Juu,” akasema, na kidole kilikuwa hakijasogezwa kabisa.

Hapo nilielewa kwamba hata mkono wake hausikii. Sikuona huzuni wala hofu. Nilisikia feni tu.

Dokta aliandika asiendeshe.

“Alhamisi mutarudia,” akasema. “Tutapima hata mikono.”

“Mikono yangu iko muzuri,” Adrien akajibu kwa hasira.

Nje tuliketi kwenye benchi. Hakunitazama.

“Haukunifinya hata mara moya. Ulitaka niache kuendesha camion.”

Mkono wake ulilala kwenye paja langu, kiganja kikitazama juu. Alama za kucha zangu zilikuwa nne, na moja ilitoa damu kidogo. Nilikifunika kiganja kwa changu kabla hajaangalia. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu; kufika Alhamisi zilibaki siku tatu.

“Ndiyo, Baba Graciella,” nikamwambia. “Unisamehe.”

Hakunisamehe. Mpaka Kasungami hakunisemesha, na mkono wake nilikuwa nimeushika njia nzima.